Mwitikiaji husikiliza kwanza: Kazi ya sauti za nyuma katika makanisa ya mpakani

Na Mwandishi Wetu, Busia

Jumamosi jioni koo la mfanyabiashara wa Busia huwa limechoka kabisa. Tangu alfajiri limeita wateja, limebishania bei ya mahindi, mitumba na samaki, limepazwa kushinda ngurumo za malori yanayosubiri kuvuka kati ya Kenya na Uganda. Kesho yake saa tatu asubuhi koo hilo hilo husimama nyuma ya kiongozi wa sifa, maiki mkononi, likitakiwa litoe alto laini, isiyomzidi jirani wala kumwacha peke yake.

Watu wa namna hii si wachache. Ukipita makanisa ya miji ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Sirari, Mutukula na Rusumo, utakuta timu ya kusifu na kuabudu ina mama wa mitumba, wakala wa forodha, mbadilisha fedha, dereva wa bodaboda na mwalimu mmoja au wawili. Baadhi yao hulala upande mmoja wa mpaka na kusali upande wa pili. Wengi wao huimba bila malipo na hawakusomea muziki popote. Na kazi waliyopewa ni ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa kwenye benchi.

Kiongozi akikosea neno, waumini humsamehe, na wengi hata hawatambui. Waitikiaji wakikosea, kanisa zima hunyamaza. Sababu ni rahisi. Muumini aliyeketi safu ya saba hamfuati kiongozi, kwa kuwa kiongozi huchomekea maneno, hupanda, hushuka, huomba, huongea. Muumini hufuata kiitikio, kwa kuwa hicho ndicho sehemu yake ya wimbo. Kiitikio kikiyumba hajui ashike wapi, basi hukunja mikono na kutazama. Kuna ibada ambazo watu sita jukwaani huimba kwa nguvu zao zote huku watu mia mbili wakiwaangalia kama wanaoangalia mechi. Timu hiyo imeshindwa kazi yake, hata kama kila mmoja wao ana sauti ya kurekodi.

Lugha yetu imelitaja jambo hili vizuri kuliko tunavyolitenda. Mwimbaji wa nyuma tunamwita mwitikiaji. Anayeitwa ndiye huitika, na huwezi kumwitikia mtu ambaye hukumsikia. Wavuvi wanaovuta nyavu kwa wimbo wanalijua hilo, na wanawake wa ngoma za harusi pia: mmoja hutoa, wengine hupokea, na anayepokea kabla ya kutolewa huharibu mvuto wa kamba. Kanisani tulilijua hilo hadi zilipokuja maiki. Siku hizi waimbaji watano wakipewa maiki tano, mara nyingi huzaliwa nyimbo tano.

Ugonjwa ni ule ule karibu kila mahali. Kiongozi akipamba mstari kwa madoido, mwitikiaji naye hupamba. Kiongozi akishusha sauti ili watu waombe, mwitikiaji wa kulia huona nafasi imepatikana na kujaza kwa yake. Kanuni ambayo walimu wa kwaya huirudia ni kwamba ukiwa hulisikii neno la kiongozi waziwazi wakati unaimba, wewe ndiye unayepiga kelele. Na ukiwa hulisikii la mwenzako wa upande, wewe ndiye uliyemfunika. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu wala mashine.

Nani ashike sauti gani

Hapa ndipo mpaka unapoonekana. Mtanzania aliyelelewa katika kwaya ya Kilutheri, ya AIC au ya Kisabato amezoea sauti nne: soprano, alto, tena na besi, kila moja na njia yake. Mkenya aliyekulia katika timu za sifa za mijini amezoea sauti tatu zilizobanana, soprano akiwa juu na wengine wawili wakimfuata chini kwa hatua zile zile. Mkongomani wa Goma au Bukavu amekua akisikia sauti mbili zinazotembea sambamba kama mapacha, moja juu ya nyingine, na gitaa likizijibu. Ukiwasimamisha hawa watatu mbele ya wimbo mmoja bila kukubaliana, kila mmoja ataimba kitu ambacho ni sahihi kwao, na kwa pamoja vitagongana.

Mgongano wa kwanza huwa wa besi. Mzee aliyetoka kwenye kwaya ya sauti nne hushuka chini kama alivyofundishwa, akakuta gitaa la besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda tayari wako huko. Chini kunakuwa na matope. Katika bendi yenye gitaa la besi, sauti ya nne mara nyingi haina kazi, na mzee huyo atafaa zaidi akipanda sauti ya tatu, ile ya tena, au akiimba wimbo wenyewe pamoja na kiongozi kwa sauti ya chini. Kumwambia hivyo kunahitaji heshima. Kutomwambia ni kumkosea yeye na wimbo.

Mgongano wa pili ni wa alto anayewinda noti. Huyu husikiliza soprano, kisha hujaribu kitu kilicho chini yake, akikosa hujaribu kingine. Dawa yake ni hesabu ndogo ya sol-fa. Wimbo unapokaa kwenye kodi ya nyumbani, noti zake ni do, mi na so. Soprano akiwa juu ya so, alto yuko salama akikaa mi, na sauti ya tatu ikashika do. Soprano akishuka mi, alto hushuka do, na sauti ya tatu huchukua so. Kila mmoja hushuka ngazi moja, na hakuna anayevamia chumba cha mwenzake. Kodi zikibadilika, hesabu ni ile ile kwa noti za kodi mpya. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini anayeanza hapa hapotei.

Sol-fa hii tunayoiona kama mali ya makanisa yetu ilienezwa katikati ya karne ya 19 na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, aliyeijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover. Lengo lilikuwa kuwawezesha watu wa kawaida kuimba pamoja bila kusomea muziki miaka mingi. Wamisionari waliibeba hadi Afrika, nayo imekaa. Baadhi ya vijana wa timu za sifa huiona ya kizamani. Kwa mfanyabiashara anayesafiri, nadhani ndiyo chombo bora alicho nacho. Do huhama na ufunguo: kiongozi akiamua leo wimbo uimbwe juu zaidi, majina ya noti zako hayabadiliki. Karatasi yenye mistari minne ya d, m, s na l inaingia mfukoni pamoja na risiti za ushuru, na mtu aliyekosa mazoezi ya Alhamisi kwa sababu lori lilikwama anaweza kuisoma akiwa kwenye foleni.

Ufunguo nao una siasa zake. Wimbo aliouanzisha mama mwenye sauti ya kati hauwezi kuimbwa na kaka yake kwenye ufunguo ule ule bila mmoja wao kuteseka. Kiongozi akibadilika, ufunguo huhama, na wakati mwingine soprano hujikuta hewani mahali ambapo sauti hukwaruza. Timu iliyokomaa hubadilishana nafasi: alto huchukua wimbo, soprano hupanda au hushuka kwenda sauti nyingine. Timu changa hung'ang'ania majina. Soprano huona kushuka kuwa alto ni kushushwa cheo, wakati hicho si cheo hata kidogo.

Irabu tano, midomo mingi

Kiswahili kimempa mwitikiaji zawadi kubwa. Kina irabu tano tu, a, e, i, o na u, na karibu kila neno huishia kwenye irabu, si kwenye konsonanti. Waimbaji wa Kiingereza hutumia muda mrefu kukubaliana namna ya kumaliza neno linaloishia kwa t au d. Sisi neno linabaki wazi, linavutika, linapendeza. Ila zawadi hiyo haijifungui yenyewe.

Chukua neno milele. Katika Kinyarwanda, Kirundi, Luganda na Kikuyu, l na r hazitengani kama zinavyotengana katika Kiswahili, kwa hiyo timu moja ya mpakani inaweza kuwa na milele, mirere na mirele ndani ya mstari mmoja. Nje ya kanisa hiyo ni mada ya utani wa kawaida wa majirani. Ndani ya maiki ni neno lisilosikika. Kumcheka mtu hakujawahi kunyoosha ulimi wake. Kinachosaidia ni kulisema neno pamoja polepole, bila muziki, mara kumi, kisha kuliimba. Irabu zina shida ndogo zaidi lakini ya siri: mmoja huimba a kwa mdomo wazi, mwingine kwa mdomo nusu, na wawili hao wakiwa kwenye noti moja kabisa watasikika kama wamepishana. Mara nyingi mtu anapolaumiwa kwamba ametoka nje ya noti, kosa liko kwenye mdomo.

Halafu kuna s. Waimbaji watano wakitamka s ya Yesu au ya msalaba kila mmoja kwa wakati wake, spika hutoa mlio kama wa kikaango chenye mafuta kikidondokewa na maji. Timu zenye uzoefu humpa mtu mmoja kazi ya kuitamka s kwa ukali, wengine wakaipitisha kwa upole kana kwamba haipo. Anayesikiliza hujua neno limekamilika, wala hajui limekamilishwa na nani.

Mkazo nao usisahaulike. Katika kusema, tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa hulazimisha mkazo mahali pengine, na mwimbaji anayetii tuni bila kufikiri hujikuta akipigilia silabi ambayo Mswahili angeipitia tu. Mwitikiaji mwenye sikio hulainisha silabi hiyo. Tuni haibadiliki, lakini neno hurudi kuwa neno.

La mwisho hapa, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha timu nzuri na ya kawaida, ni mahali pa kunyamaza. Kuanza pamoja karibu kila mtu anaweza. Kumaliza pamoja kunahitaji makubaliano: irabu ya mwisho inashikwa mapigo matatu na kukatwa la nne, na wote wanahesabu. Pumzi pia hugawanywa. Mstari ukiwa mrefu, wote wakivuta hewa mahali pamoja huacha tundu katikati ya wimbo. Wakipokezana, mmoja akivuta baada ya neno la pili na mwingine baada ya neno la nne, sauti hutiririka kana kwamba hakuna aliyepumua. Hilo halitokei kwa bahati. Hupangwa kwa kalamu juu ya karatasi ya maneno.

Koo lililotoka sokoni

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mchuuzi analijua mwilini: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia, na hawezi kujizuia kwa urahisi. Jambo hilo bado linaitwa kwa jina lake. Sokoni humfanya muuzaji apige kelele siku nzima bila kujua. Jukwaani, ngoma na spika zikiwa juu, humfanya mwitikiaji apige kelele akidhani anaimba. Ni mtego mmoja, na mfanyabiashara huingia humo mara mbili ndani ya saa ishirini na nne.

Nyuzi za sauti ni mikunjo midogo ya nyama ndani ya koromeo. Mwimbaji anaposhika ile la ambayo ala nyingi hupimiwa, mikunjo hiyo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde, yaani mara 26,400 kwa dakika. Ikiwa tayari imevimba kwa kelele za jana, haikutani vizuri. Hewa hupenya, sauti hukauka, na mtu huongeza nguvu ili kufidia. Hapo madhara huongezeka. Nguvu haijawahi kuponya koo lililochoka.

Wanaojua kujitunza hufanya mambo ya kawaida tu. Sokoni hutumia spika ndogo iliyorekodiwa bei, ile inayorudia maneno yale yale mpaka jirani anachoka, na kuiachia kazi ya kuita. Hunywa maji tangu Jumamosi asubuhi, maana maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Hushuka tumboni kwanza, na mwili huchukua muda kuyafikisha yanakohitajika. Kikombe cha dakika ya mwisho kabla ya ibada kinaondoa ukavu wa mdomo, si zaidi. Tangawizi na asali hutuliza, lakini haziondoi uvimbe. Kunong'ona, ambako watu wengi hudhani ni kupumzisha sauti, kunaweza kuikaza zaidi kuliko kusema kwa utulivu. Moshi wa mkaa, wa samaki wanaokaushwa na wa malori yaliyosimama huku injini zikinguruma ni adui, na hapo mfanyabiashara wa mpakani hana uchaguzi mkubwa.

Kabla ya ibada, dakika kumi zinatosha: kuguna kwa midomo iliyofungwa ukipanda na kushuka, kisha kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari. Inachekesha kuiona, lakini huamsha sauti bila kuichosha. Na sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu mfululizo, hiyo si ya kuombewa tu. Daktari aione, hasa kwa anayevuta sigara.

Kuhusu maiki, maneno machache. Ishikwe vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, isifunikwe kichwa kwa kiganja, na isielekezwe kwenye spika, kwa kuwa ule mluzi unaotoboa masikio hutoka hapo. Waitikiaji wawili wakitumia maiki moja, mwenye sauti ndogo ndiye awe karibu zaidi. Usipojisikia, usiongeze sauti. Muombe fundi mitambo, au ziba sikio moja kwa kidole. Mbinu hiyo ya kidole ni bure na inafanya kazi.

Aliyenunua spika

Lipo jambo ambalo timu nyingi hulijua na chache hulisema. Katika miji ya biashara, vyombo vya kanisa mara nyingi hununuliwa na mfanyabiashara aliyefanikiwa. Mtu huyo akipenda kuimba, nani atamwambia kwamba hashiki noti? Basi anapewa maiki, fundi mitambo anaizima kimyakimya, na Jumapili baada ya Jumapili mtu mzima anaimba kwenye chuma kisicho na umeme. Sioni heshima hapo. Ni afadhali aambiwe apitie mazoezi kama wengine, au akae mbele na kuongoza waumini kwa kupiga makofi, kazi ambayo nayo ina thamani.

Sheria ya mazoezi ndiyo inayookoa urafiki: asiyefika mazoezini haimbi Jumapili hiyo. Kwa wanaosafiri, sheria hii huonekana ya kikatili, na hapo simu imesaidia. Kiongozi wa kila sauti huimba sehemu yake peke yake, akaanza kwa kutoa noti ya do na kuhesabu moja hadi nne, kisha huituma kwenye kundi la WhatsApp. Aliye Kampala akifuata mzigo au Arusha akipeleka bidhaa husikiliza kwa visikilizi ndani ya basi mpaka sehemu yake ikae. Kujaribu kuimba pamoja kwa simu ya moja kwa moja hakufai, kwa kuwa sauti hufika ikiwa imechelewa na kila mmoja humsubiri mwenzake hadi wimbo unakufa. Rekodi ya kila sauti peke yake, kisha mkutano mmoja wa ana kwa ana kabla ya ibada, unatosha kwa nyimbo tatu au nne. Kwa nyimbo kumi hautoshi, na kiongozi anayeleta nyimbo mpya kumi kwa watu wa namna hii anajitafutia aibu.

Nyimbo hazina pasipoti, vyombo vinayo

Nyimbo zimevuka mipaka hii kabla ya mikataba. Marehemu Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo, aliishi na kuimba Kenya kwa Kiswahili hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2007, na nyimbo zake bado ni za kila kanisa. Ambassadors of Christ wa Kigali wamejulikana Tanzania na Kenya kwa nyimbo za Kiswahili. Zabron Singers wa Kahama huimbwa Nairobi kama ni wa huko. Sikiliza makundi hayo mawili ya mwisho kwa sikio la mwitikiaji: linalovutia si mtu mmoja, ni namna wengi wanavyofika kwenye neno kwa wakati mmoja.

Kwa timu inayoalikwa ng'ambo, wimbo unavuka bure lakini kinanda hakivuki hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina utaratibu wa kuingiza mali kwa muda na kuirudisha. Andaeni orodha ya vyombo vyote pamoja na namba zake, mtangaze mnapoingia, mpate hati, na mwoneshe vyombo vile vile mnapotoka. Kupitisha spika mpya zikiwa kwenye maboksi yake ya dukani na kusema ni za ibada ni kujitafutia mazungumzo marefu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivuka baina ya nchi zao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Mtanzania katika timu hiyo hiyo ahakikishe ana pasipoti au hati ya kusafiria, asije akaachwa kwenye kizuizi huku alto yake ikihitajika ng'ambo.

Mkialikwa kuitikia kwenye rekodi ya mtu, swali la malipo liulizwe kabla ya kuingia studio. Mwitikiaji mara nyingi hupewa nauli na soda, halafu husikia sauti yake redioni nchi tatu. Andikeni kiasi, andikeni kama ni malipo ya mara moja, na majina yenu yaandikwe kwenye kazi. Wafanyabiashara hawauzi gunia bila kukubaliana bei. Sijui kwa nini sauti iuzwe hivyo.

Mpaka ukifungwa

Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022, ukiacha nafasi ndogo za katikati. Mwaka 2020 korona iliwazuia wasafiri wa kawaida karibu kila mahali, malori yakapita huku madereva wakipimwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Habari hizi huandikwa kwa hesabu za tani na mapato. Kwa kikundi cha watu saba wanaoimba pamoja, hesabu ni ndogo na inauma kwa namna nyingine: aliyeshika sauti ya tatu yuko upande wa pili, na hajulikani atarudi lini.

Timu iliyomtegemea mtu mmoja kwa kila sauti huanguka hapo hapo. Kwa hiyo kila sauti ifundishwe kwa watu wawili angalau, hata kama wa pili si hodari, na karatasi za sol-fa zibaki kanisani, si kwenye begi la mtu. Ikitokea hata wa pili hayupo, kosa kubwa ni kumwambia alto aimbe sauti mbili kwa kurukaruka. Hapo kiitikio chote huyumba. Ni bora ubeti wa kwanza wote waimbe sauti moja, wimbo wenyewe, kwa umoja na bila haya. Kiitikio kikifika, alto aingie chini ya soprano, sauti mbili tu. Mpiga kinanda ashike noti ambayo mtu wa tatu angeishika, taratibu, bila kupamba. Waumini watasikia kodi kamili na wataimba.

Na sauti hiyo ya tatu iendelee kurekodiwa na kutumwa kwenye kundi kila wiki kama kawaida, pamoja na nyimbo mpya, ili aliye ng'ambo asipitwe na hata wimbo mmoja siku atakapovuka.